Kabla baba hajaanza tiba ya muziki

Birmingham, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Pole tena kwa maradhi ya baba. Umeniuliza hiyo tiba ya muziki aliyoandikiwa ikoje, maana mimi na Baba Salim tumeshaipitia. Nikwambie nilivyoiona.

Usitegemee tamasha. Siku mbili za mwanzo walikuwa wanampima tu: anafuata mdundo? Akianziwa wimbo anaumalizia? Mkono upi una nguvu? Mimi nilinuna, mtu mzima kupewa kayamba kama mtoto wa chekechea! Kumbe yule kijana, tabibu wa muziki, alikuwa anaandika kila kitu, na mwisho akatuwekea lengo moja: Baba Salim aweze kuomba kitu kwa mdomo wake.

Kiharusi chake kilipiga ubongo upande wa kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko yanakotoka maneno. Mkono wa kulia ukalala, ulimi nao ukawa mzito. Sasa siku ya tatu nikaletewa taarab ya ujanani kwetu kwenye spika, na huyu asiyeweza kusema "maji" akaimba kiitikio kizima, hakuacha neno. Nilipiga kigelegele hadi muuguzi akachungulia. Tulipofika kwenye gari nikamuuliza, unataka kula nini? Kimya. Nililia njia nzima. Ndiyo maana nakwambia mapema: wimbo wa zamani huja wenyewe kwa mazoea, kuongea ni kazi nyingine.

Na kazi yenyewe, ukiitazama, ni kama mchezo. Ni mbinu iliyobuniwa Boston miaka ya 1970. Sentensi inaimbwa kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto wa mgonjwa unagongeshwa mezani kwa kila silabi: na-ta-ka ma-ji. Kwanza wanaimba pamoja, halafu kijana ananyamaza katikati, halafu mgonjwa anajibu peke yake, na ule wimbo unapunguzwa kidogo kidogo mpaka yabaki maneno matupu. Kijana hajui Kiswahili, kwa hiyo sentensi nilimwandikia mimi na kumwonyesha sauti inapopanda. Nawe jiandae, utafanyishwa kazi. Nyumbani tulirudia kila siku, na yeye nusu ya siku hizo hataki hata kuniona.

La baba kuwa maalim, na shangazi kusema muziki haufai, usibishane naye. Mwambie huyo tabibu baba ni mtu wa kasida na dufu, atakubali; wao hufuata aliyoyazoea mgonjwa. Ila Qurani msiifanye zoezi la kukatakata silabi, hilo ni langu mimi, wala sijamuuliza shehe.

Hakikisha tu huyo tabibu amesajiliwa HCPC, lile baraza la hapa linalosajili wataalamu wa afya; jina lake utaliona kwenye orodha yao mtandaoni. Hapa Uingereza si kila mwenye gitaa anaruhusiwa kujiita tabibu wa muziki.

Sisi ilikuwa wiki ya tisa. Nipo jikoni nasikia meza inagongwa, polepole, kisha: "Cha-i ha-i-na su-ka-ri." Nikamjibu daktari amekataza. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

Nipigie akitoka siku ya kwanza. Mama mpe shikamoo yangu.

Wako,
Mama Salim