Tumemfundisha kusema "acha", lakini akitengwa aseme nini?

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Sisi ni walimu wawili wa malezi. Tunafundisha watoto wa miaka 7 hadi 10 kutambua uonevu na namna ya kuujibu. Sehemu kubwa ya kazi hii ina njia zake zinazojulikana, ila kuna pembe moja inayotushinda: mtoto anapotengwa na wenzake.

Kwenye kutambua tunatumia vipimo vitatu vya mtafiti Dan Olweus: jambo limekusudiwa, linarudiwa, na mtendewa ana nguvu ndogo kuliko mtendaji, iwe kwa umbo, umri au wingi wa marafiki. Kwa lugha ya mtoto tunauliza: "Amefanya makusudi? Ameshafanya kabla? Ukimkataza, unaweza kumzuia peke yako?" Ndiyo, ndiyo, hapana: huo ni uonevu. Swali la tatu likiachwa, kila ugomvi wa kugombania penseli unaitwa uonevu, na mtoto anayeonewa kweli hasikiki tena.

Kwenye kujibu, mtoto asimame wima, hatua mbili kutoka kwa mwenzake, amtaje kwa jina na aseme jambo moja fupi, kwa mfano "Acha kuchukua kalamu zangu." Kisha aondoke kuelekea aliko mtu mzima, asikimbilie chooni wala nyuma ya madarasa. Tunafanya mazoezi ya dakika 10 mara mbili kwa wiki, kwa sababu maneno ambayo mtoto hajawahi kuyatamka kwa sauti humkwama kooni siku yenyewe. Kinachoharibu mara nyingi ni tabasamu. Mtoto mwenye hofu huchekacheka: mdomo unasema acha huku meno yako nje, na mwalimu anayepita anaona watoto wanataniana. Ndiyo maana tunaanza na uso kabla ya maneno. Na mtoto anayeonewa kweli hatumpi kuigiza mwonewa mbele ya darasa. Wenzake wanajua, naye anajua kwamba wanajua.

Wazazi wengine huwaambia watoto "mrudishie" (mwalimu, kama kawaida, hufika kwenye kofi la pili) au "usimjali", ushauri unaosahau kwamba anayeonea anatafuta watazamaji, na watazamaji hawaondoki. Kuwapatanisha wawili kwa kupeana mikono nako tumekuacha. Mwenye nguvu hutoka pale na nguvu zake zote.

Kwa watazamaji tunakazana zaidi. Watafiti wa Kanada waliorekodi watoto kwa video viwanjani, na kuchapisha matokeo mwaka 2001, waliona kwamba mtoto mwenzao alipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Shida ni kwamba walioingilia walikuwa wachache. Mtoto anaogopa kuitwa mbea, kwa hiyo tunamtenganishia mambo mawili: kusemea ni kutaka mwenzako aadhibiwe, kutoa taarifa ni kutaka mtu asaidiwe. Taarifa yenyewe ina nani, wapi, lini na nani mwingine aliona.

Sasa tatizo letu: haya yote yanaanguka mtoto anapotengwa. Kwenye benchi wenzake wanasogea taratibu hadi nafasi inaisha. Anauliza kama anaweza kucheza, anajibiwa "tumeshatimia", na baada ya dakika moja mwingine anapokelewa. Hakuna kofi wala tusi, kwa hiyo "acha" inakosa mahali pa kutua. Ile taarifa inabaki na "nani" wanane na tendo halionekani. Ukiwauliza, wanasema "hatujamfanya kitu", na ukiwatazama unaona wanaamini wanachokisema.

Tumejaribu kuwaagiza wamchezeshe. Wakamchezesha: kila siku yeye ndiye adui, au ndiye wa kukimbilia mpira ukitoka nje. Tukabadilisha mpangilio wa viti. Darasani ulisaidia, kengele ya mapumziko ilipolia ukavunjika. Tukampa rafiki wa zamu. Huyo naye baada ya wiki mbili akaanza kukaa pembeni, na tukawa na watoto wawili wa kuwahangaikia. Kilicho na dalili njema ni michezo inayoongozwa na mwalimu, ambayo makundi yake hugawanywa kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, badala ya manahodha kuchaguana. Lakini hatuwezi kuendesha kila mapumziko, na hatudhani tunapaswa.

Tunaomba ushauri wako, na wa wasomaji waliowahi kulishughulikia hili. Kwanza, mtoto wa miaka 8 anayeambiwa "tumeshatimia" aseme au afanye nini papo hapo, asibembeleze wala asijifanye hajali? Pili, mtoto ana haki ya kuchagua marafiki. Mtu mzima aweke mpaka wapi kati ya uchaguzi huo na kumtenga mwenzao kwa makusudi, na auelezeje kwa watoto bila kumtaja anayetengwa? Tatu, mzazi aulize nini jioni? "Ulicheza na nani leo?" tumeona inamfanya mtoto abuni majina.

Wako,
Walimu wawili wa malezi