Desa la darasani linaishia kwenye chati ya mgonjwa

Mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako.

Mimi ni muuguzi hapa Dar, na wodini huwa napokea wanafunzi wa uuguzi wanaokuja fildi. Majuzi binti mmoja kaniletea mpango wa uuguzi wa mgonjwa wake, mzee wa kiume, kidonda cha kisukari mguuni, nasoma vizuri tu mpaka nafika kwenye elimu kwa mgonjwa, eti "mama aelekezwe namna ya kumshika mtoto anaponyonyesha". Nilicheka mpaka machozi. Kumuuliza, wala hakuficha: "Sista, hilo desa lipo kwenye grupu la WhatsApp, wote tunatumia hilohilo." Desa ndio hiyo kazi ya mtu mwingine wanayoinakili kama ilivyo.

Na simlaumu sana, maana kafundishwa na nani? Chuoni wanaambiwa msikopi, imeisha hiyo, hakuna anayekaa nao awaonyeshe kwamba hata ukiyageuza maneno ya mtu kuwa ya kwako bado unataja ulipoyatoa. Sheria ndio kabisa. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na haikukatazi kunukuu, nukuu kwa kiasi na utaje chanzo na jina la mwenyewe. Wengine wanadhani kisichosajiliwa COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ni cha bure, hapana, kazi inalindwa tangu ilipotungwa. Halafu ile risechi ya kununua steshenari, aliyeiandika kauza kwa hiari yake kwahiyo hakimiliki huenda hata haijaguswa, ila kuweka jina lako juu ni udanganyifu tu. Hivi ni vitu viwili tofauti na wengi wanavichanganya, walimu wakiwemo (samahanini walimu).

Sasa mtu kadesa miaka mitatu, umpe zamu ya usiku, wodi imejaa, mashine ya presha moja, unategemea nini? Presha ya saa mbili ndio hiyohiyo ya saa sita. Nimeshaona patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, imejazwa mama akiwa ameshajifungua, mapigo ya moyo wa mtoto 140, 140, 140 kila nusu saa, kama vile mtoto ana saa ya ukutani humo ndani. Na likitokea la kutokea karatasi hiyo ndio itasomwa, mahakamani au mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo kwa sheria ya 2010 linaweza kukuondolea usajili.

Yule binti nilimrudishia karatasi yake, nikamwambia nenda kakae na mzee. Karudi baada ya kama dakika arobaini na ukurasa mmoja, mwandiko wa kukimbia, ila ameandika kitu ambacho hata sisi wa zamu hatukuwa nacho: mzee haoni vizuri, na anayemsafisha kidonda nyumbani ni mjukuu wa darasa la tano.

Muuguzi, Temeke