Barua kwa mwanangu: saa za kula Mombasa

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Barua yako niliipata Jumapili pamoja na ile orodha ya hoteli 14 mnazotaka kula mtakapokuja Mombasa, wewe na wenzako wawili, kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu, na nilifurahia orodha zaidi ya barua, kwa sababu niliona kwamba ule ulafi wa ukoo wetu haukupotelea njiani kati ya Mombasa na Tabora. Umeniomba nizipigie mstari hoteli zisizofaa. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi, na kusema kweli sikuona ya kuifuta kwa ubaya wake. Kasoro iliyomo ni nyingine: umeandika mahali pa kula, hukuandika saa. Chakula cha mji huu kina saa zake, na anayekiendea nje ya saa hizo hupata makombo hata akiwa amekaa kwenye hoteli inayosifiwa kuliko zote.

Chukua mfano wa kazi yangu mwenyewe. Nimekaanga mahamri barazani hapa kwa miaka 19. Unga naukanda usiku kwa tui, hamira, sukari na iliki, nikaufunika ukaumuka nikiwa nimelala, na baada ya sala ya alfajiri karai linakuwa tayari motoni. Hamri linapotoka kwenye mafuta lina hewa tumboni, ukilichana linatoa mvuke wenye harufu ya iliki, na hapo ndipo linapotiwa mbaazi za nazi zilizolowekwa tangu jana yake. Kufika saa 3 limekwisha kunywea. Kila mwaka huja wageni walioamka kwa nafasi, wakaoga kwa nafasi, wakafika kwangu saa 4 na nusu kuniuliza mahamri. Huwapa yaliyobaki, wakayala kwa adabu, wakaniambia ni matamu, nami huona haya kuzipokea pesa zao. Basi Ijumaa na Jumamosi mtakuwa kwangu saa 12 na nusu asubuhi, hata kama hao wenzako wawili watanuna. Tena uwaambie mapema kwamba wakiagiza maandazi, kama mlivyozoea huko, wataletewa mandazi badala ya mahamri, na mandazi kwa kawaida hayana tui wala iliki, na kosa halitakuwa la mpishi.

Najua ungependa mle kwangu siku zote, na mimi ningependa hivyo hivyo. Lakini wenzako hawakupanda gari moshi kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, na basi kutoka hapo hadi Horohoro na Lunga Lunga, ili waje kula kwa mama wa mtu. Kwangu mtastaftahi siku hizo mbili, na mtakula chakula cha mchana Jumamosi na Jumapili. Kwingine kote mtakwenda peke yenu, nami nitawaandikia saa.

Alhamisi mtafika jioni, mkiwa na vumbi la njiani na njaa ya uongo, ile inayomfanya msafiri aagize kila kitu kisha asimalize. Mkivuka kwa feri ya Likoni, ambayo watembea kwa miguu hawalipi, wekeni mizigo kwanza. Kisha nendeni Barabara ya Makadara, mkae Tarboush au popote jirani mtakapoona mkaa unawaka nje, mle mishkaki na kuku wa kuchoma kwa mkate wa moto, mwishowe mnywe juisi ya ukwaju. Hapo ni mahali pa usiku. Kwenye orodha yako umepaweka mchana wa Ijumaa, na huo mchana una mwenyewe.

Mwenyewe ni biriani. Ijumaa huku kwetu watu hutoka msikitini wakiwa na jambo moja akilini, na hoteli za Mji wa Kale hulijua hilo, ndiyo maana masufuria yao makubwa ya wiki hupandishwa siku hiyo. Mtaona kwamba biriani letu si lile la Kihindi linalopangwa matabaka matabaka ndani ya chungu kimoja. Kwetu wali hupikwa mbali, na masala, yaani ile rojo nzito ya nyama, vitunguu vilivyokaangwa, maziwa ya mgando na viungo, hupikwa mbali, vikakutana kwenye sahani. Anayejua kula huchanganya kidogo kidogo kutoka pembeni, hamwagi masala yote juu ya wali kama anayezima moto. Sasa sikiliza saa: maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, na baada ya saa 7 na nusu watu hutoka kwa wingi. Mkiingia hotelini saa 9 mtaambiwa biriani imekwisha, na mhudumu atawashawishi mle chipsi. Agizeni kabla ya sala, muwekewe, mzunguke Ngomeni mkisubiri.

Na mkiwa Ngomeni, nikuambie jambo ambalo wanaowaonyesha watu kuta huwa hawalisemi. Wareno walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 walitutesa sana, lakini muhogo na pilipili, vitu viwili ambavyo leo mtu wa pwani hawezi kuhesabu chakula chake bila ya kuvitaja, vilitoka bara la Amerika na kutufikia kwa safari za meli zao. Kwa hiyo jioni yake nendeni bustani ya Mama Ngina, kwenye mkondo wa Kilindini, mle mihogo. Pale palikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, na wazee bado wanabishana kama palipendeza zaidi zamani. Mimi nasema mihogo haikubadilika. Muuzaji huichoma kwenye makaa, akaipasua katikati, akaipaka ndimu, chumvi na pilipili ya unga. Iko pia ile inayokatwa nyembamba na kukaangwa hadi ikakauka. Dafu ni la kunywea hapo hapo, na ukimaliza maji mwambie alipasue, akuchongee kijiko kwa ganda lake, ule nyama yake laini. Saa yake ni kuanzia 11, jua linapopoa na meli kubwa zinapita karibu hata ukadhani ungeweza kuzigusa. Saa 6 mchana pale ni joto na kunguru.

Kati ya mchana na jioni pana pengo ambalo wageni hulijaza kwa kulala. Msilale. Saa 10 ndiyo saa ya viazi karai, vile viazi vilivyochemshwa, vikavikwa unga wenye manjano na kukaangwa, vikaliwa kwa ukwaju mzito wenye pilipili. Ndiyo pia saa ya bajia za kunde, sambusa, na kachri bateta, yaani viazi kwenye rojo chachu, ambayo yule mwenzako aliyekulia Unguja ataiangalia mara moja na kusema kwamba ni urojo. Mwache aseme. Ni ndugu wa urojo, si urojo. Hivi vyote huuzwa vichochoroni, mezani kwa kina mama wenzangu, na kanuni yangu ni moja: nunueni mahali ambapo karai bado liko motoni na watoto wa mtaa wamepanga foleni. Mtoto wa Kibokoni mwenye shilingi 20 hadanganyiki kwa urahisi.

Sasa samaki, na hapa nitarefusha kidogo, kwa sababu hoteli 6 kati ya zako 14 umeziandikia neno samaki pembeni. Mmebahatika kuichagua Januari. Kaskazi inavuma, bahari imetulia, wavuvi wanatoka nje ya mwamba na kurudi na changu, tasi, kolekole na nguru. Mngekuja Juni, kusi ikiwa kali, samaki angekuwa haba na ghali, na huenda huyo mnayemlipia angekuwa amekwisha lala kwenye barafu siku kadhaa. Hoteli ni ile ile, mpishi ni yule yule, bei pengine ni ile ile, ila upepo ni mwingine. Miaka michache iliyopita nilimpeleka mgeni kwenye hoteli moja kubwa ya ufuoni, sitaitaja, tukaagiza samaki wa kupaka. Tukaletewa samaki aliyechemshwa, akamwagiwa rojo ya tui la unga, nyeupe kama chokaa. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza kwenye mkaa, ndipo akapakwa tui zito lililokolea kwa ukwaju na viungo, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Tui la nazi lililoiva huanza kutoa mafuta kandokando. Ukiona rojo imekaa sawasawa kama rangi ya ukuta, jua kwamba nazi haikukunwa. Tulilipa, hatukusema neno, na hadi leo najilaumu kwa kutosema.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza, ulizeni samaki ameingia lini, na muulize kwa utulivu kama watu wanaojua. Mwenye samaki mzuri hufurahi kuulizwa, na hata atakwenda jikoni amlete mumwone macho. Asiye naye atawaambia juu ya kuku.

Mwezi utakuwa mpevu usiku wa Alhamisi mtakapofika. Kwa watu wa bara huo ni uzuri wa kutazama tu, lakini kwetu ni kusema kwamba siku zinazofuata ni za bamvua: maji yatajaa sana na kupwa sana, mwamba utabaki wazi, na wavuvi watatembea juu yake kwa miguu wakiwachokoa pweza mashimoni. Ndiyo maana Jumamosi nimeiweka kuwa siku ya kwangu. Pweza nitampiga mwenyewe hadi alainike, nimpike kwanza kwa maji yake mwenyewe bila ya kuyaongeza, kisha ndipo nimtie tui la pili na mwisho tui la kwanza. Hoteli nyingi huwa naye siku zote, kwa kuwa friza haijui mwezi. Onjeni wa kwangu Jumamosi, kisha, mkitaka, mwagizeni wa hoteli siku nyingine, mniambie tofauti.

Jumamosi asubuhi, baada ya mahamri, tutapita pamoja Marikiti, lile jengo la soko la mwaka 1914, mnishikie kapu. Wenzako wanunue iliki, mdalasini na pilipili manga za kupeleka nyumbani, tena wanunue nzima, wasinunue zilizosagwa. Embe mbichi iliyokatwa na kutiwa chumvi na pilipili waile njiani.

Katika orodha yako nimeondoa Tamarind ya Nyali, na si kwa sababu ya upungufu wowote wake. Kukaa pale ng'ambo ya maji, ukiutazama Mji wa Kale usiku, ni jambo la fahari. Lakini ni chakula cha mtu aliyekwisha ujua mji na sasa anataka kuutazama kwa mbali, nanyi mna siku tatu na mshahara wa ualimu. Mkija mara ya pili, mwenzi wako akikupeleka, nitakuazima kanga mpya. Hoteli nyingine 5 nimezifuta kwa kuwa zote zinauza kitu kile kile kwa saa ile ile, na tumbo la mtu ni moja.

Usiku wa Jumamosi msile chakula kizito. Baada ya isha, tafuteni mwenye dele la kahawa. Mtamsikia kabla ya kumwona, kwa jinsi anavyogonganisha vikombe vyake. Kahawa yetu ni chungu, ina tangawizi, hunywewa kwa vikombe vidogo, na utamu wake hutoka kwenye kipande cha kashata au haluwa, hautoki kwenye sukari. Kaeni kwenye baraza pamoja na watu. Mkisalimiwa, itikieni kwa ukamilifu, na msitoe simu kupiga picha za vikombe kabla ya kuzungumza na wenye baraza.

Jumapili mchana nitawapikia pilau, na Jumatatu alfajiri mtapanda basi mkiwa na mkate wa sinia niliowafungia. Badilisheni pesa mpakani, muombe noti ndogo, kwa sababu muuza bajia hana chenji ya elfu moja saa 10 jioni.

Nijibu upesi, tafadhali, maana mvuvi wa pweza huagizwa kabla ya bamvua. Nataka kujua kama kati yenu yupo anayedhurika na kamba au pweza. Na yule uliyeniandikia kwamba hali pilipili, muulize vizuri kama anakusudia pilipili kali kama pilipili mbuzi tu, au hata pilipili manga haitaki, kwani bila ya hiyo pilau yangu siwezi kuipika, na itanibidi Jumapili nifikirie kitu kingine.

Mama yako mkubwa umsalimie sana, umwambie kikapu cha ukili alichoniletea bado ninacho.

Mimi mama yako