Rejeta za ukutani na joto la Tabora

Ndugu Mhariri,

Mwanangu anayejenga Ipuli, hapa Tabora, amenionyesha kwenye simu picha za rejeta za kisasa za nyumbani, yaani mabomba membamba meusi yaliyosimamishwa ukutani kama ngazi, ambayo huko Ulaya hupitishiwa maji ya moto ili vyumba vipate joto wakati wa theluji. Zinapendeza, sikatai, ingawa sisi rejeta tunaijua kwenye lori, ambako kazi yake ni kupoza injini. Alitaka moja ya pambo sebuleni.

Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu humalizwa na blanketi zito. Kinachotutesa ni joto la Oktoba, mabati yanapolialia mchana kwa kutanuka hata wazee tukahamia chini ya mwembe. Tembe la Kwihara, nyumba ya kale karibu na mji wetu alikokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872, lina kuta nene za udongo. Ukiingia humo saa nane mchana, jasho hukauka.

Nawaomba mafundi wetu wawashauri wateja waanze na dari, na madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Mwanangu amekubali dari. Kuhusu madirisha bado tunabishana.

Mwalimu mstaafu,
Tabora