Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Harakati za Uhuru wa India

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi wetu, shikamooni. Wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Mheshimiwa, karibu sana shuleni kwetu hapa Tanga. Tunajua una shughuli nyingi, na umeziacha ili uje kutazama kazi za wanafunzi. Kwetu hiyo ni heshima kubwa.

Klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu. Madaftari yetu yote yana sentensi moja inayosema kuwa uhuru wa India na Pakistan wa mwaka 1947 ni mojawapo ya sababu za nje zilizochochea utaifa Afrika. Tuliikariri na tukapata alama, ila hakuna aliyeweza kueleza uhuru huo ulipatikanaje. Tukaanza kuuliza. Leo hii klabu yetu ndiyo inayovuma kuliko zote shuleni. Tumeshinda mdahalo wa kata, igizo letu limewatoa wazazi machozi, na mabango haya hatujasikia shule nyingine ya mkoa huu iliyoandaa mfano wake.

Tulianzia hapa hapa nyumbani. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India, wakashukia Ras Kasone, na jeshi la Wajerumani lenye askari kama 1,000 likawashinda katika mitaa ya mji huu. Wahindi wengi hawakurudi kwao. Katika vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, zaidi ya Wahindi milioni moja walipelekwa ng'ambo kumpigania mfalme wa Uingereza, na Agosti 1917 serikali ya London ikatamka kwamba India itaelekezwa hatua kwa hatua kwenye kujitawala. Vita vikaisha. Machi 1919 ikapitishwa Sheria ya Rowlatt, ya kumweka mtu ndani bila kesi. Tarehe 13 Aprili mwaka huo huo, pale Jallianwala Bagh mjini Amritsar, Jenerali Dyer akaamuru watu wasio na silaha wapigwe risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo 379, na Congress, chama cha Wahindi waliodai haki zao, kikasema waliokufa ni wengi kuliko hapo. Mbele ya bango hilo wanafunzi huwa hawaongei.

Habari ya chumvi tuliielewa upesi, maana mashamba ya chumvi yapo katika pwani yetu na baadhi ya wazazi waliopo hapa wanafanya kazi huko. Tarehe 2 Machi 1930 Gandhi alimwandikia mtawala wa Kiingereza, Lord Irwin, barua ya adabu kabisa, akimwita rafiki. Alimweleza jinsi kodi ya chumvi inavyomlemea maskini, na akamwambia wazi atakachofanya asiposikilizwa. Alijibiwa kwa maneno machache ya kusikitika. Tarehe 12 Machi akatoka Sabarmati na wenzake 78, wakatembea kilomita zipatazo 385 hadi Dandi, na tarehe 6 Aprili akaokota chumvi ufukweni, kuivunja makusudi sheria ya chumvi ya serikali. Alipokamatwa, mmoja wa walioshika uongozi wa maandamano kwenye mashamba ya chumvi ya Dharasana alikuwa Bi. Sarojini Naidu, ambaye Januari 1924 alikuwa hapo jirani, Mombasa, akiongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haya yote tumeyasoma kwa fotokopi, na kwa kitabu kimoja cha mwalimu kinachopita mkono kwa mkono hadi jalada limetoka. Igizo letu linaishia Agosti 1947. Watazamaji wanatuuliza kwa nini nchi ile iligawanywa, kwa nini mpaka wake ulichorwa na Cyril Radcliffe, mwanasheria aliyekuwa hajawahi kufika India, na kwa nini mamilioni ya watu wa Punjab na Bengal walilazimika kuhama. Maswali hayo hayajibiwi kwa ukurasa mmoja wa fotokopi. Yanataka maktaba.

Maktaba tunayo, haina paa. Ukitazama nyuma ya bwalo utaliona boma lake. Wazazi walifyatua tofali, wakanunua saruji, wanafunzi tukabeba maji na mchanga, na jengo likafika usawa wa lenta. Hapo likasimama. Masika yanapita, vuli inapita, kuta zinalowa na tofali za juu zimeanza kulika. Kaka na dada zetu waliobeba yale maji wamekwisha kuhitimu bila kukaa humo hata siku moja.

Hatuwezi kukuficha, Mheshimiwa, kwamba ombi hili si geni. Limesomwa mbele ya wageni rasmi waliokutangulia. Mmoja aliahidi mabati, tukaimba na kupiga vigelegele. Mwingine alitaka vipimo, tukampa vipimo. Mwingine alisema tuandike barua, tukaandika, na nakala yake ipo ofisini. Hatumtaji mtu kwa jina, na wote bado tunawaheshimu. Ila wazazi wetu sasa wanapoitwa kuchangia wanauliza yale mabati yaliishia wapi, na sisi hatuna la kuwajibu.

Congress ilipoanzishwa Bombay mwaka 1885, wajumbe wake 72 waliamini kwamba ombi likiandikwa kwa heshima litasomwa. Waliomba kwa miaka mingi. Desemba 1928, mjini Calcutta, walimpa Mwingereza mwaka mmoja awape kujitawala chini ya ufalme wake, na ulipokwisha bila jibu wakatangaza huko Lahore kwamba sasa wanataka uhuru kamili. Sisi ni watoto, hatuwezi kumwekea mkubwa muda. Lakini tumeona kwamba Gandhi aliposhika jambo moja ambalo kila mtu analijua jikoni kwake, lilisikika kuliko orodha ndefu. Kwa hiyo leo tumeacha kompyuta, tumeacha sare za klabu, tumeacha na safari ya masomo. Vitabu tutavitafuta wenyewe.

Tunaomba paa. Fundi amepiga hesabu ya mabati 140 ya geji 28, mbao za kenchi na misumari. Fundi huyo ni mzazi wetu na atapaua bila malipo. Akina mama wameahidi chakula cha mafundi siku zote za kazi, na ahadi zao hatuna shaka nazo.

Baada ya risala hii, Mheshimiwa, tunaomba tukusindikize hadi kwenye boma ukalione kwa macho yako kabla ya chakula. Kitabu cha wageni tutakuja nacho huko huko. Kwa heshima zote, tunakuomba pembeni ya sahihi yako uandike tarehe ya mabati kufika, ili Mkuu wa Shule ajue siku ya kumwita fundi.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Klabu ya Historia