Mwanafunzi asisamehewe praktiko, meza ndiyo ishushwe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini kwako tuseme jambo linalotokea katika idara za sayansi za vyuo vikuu, na linalofanyika kwa huruma kabisa. Mwanafunzi anayetumia kiti mwendo, au kiziwi, au mwenye uoni hafifu, anaambiwa akae pembeni aandike matokeo ya wenzake. Amesamehewa praktiko, yaani mazoezi ya vitendo ya maabara. Alama anapewa, shahada anapata, lakini mkono wake haujawahi kufungua koki ya bureti, ule mrija mrefu wenye alama za ujazo unaodondosha asidi.

Ubaya wa huruma hiyo huonekana baadaye. Iringa tuna Mkwawa, chuo kikuu kishiriki tangu 2005, kinachoandaa walimu. Mbeya tuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Mwalimu wa kemia akipangiwa sekondari ya kata Makete au Ileje, ndiye atakayepima kemikali, ndiye atakayepanga meza za mtihani wa kidato cha nne. Huko hakuna wa kumsamehe.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Sasa ishikwe futi kamba.

Meza nyingi za maabara zina kimo cha sentimita 90 hivi, kwa ajili ya mtu anayefanya kazi amesimama. Aliye kwenye kiti mwendo ukingo wake unamfika kifuani. Simika juu yake bureti ya sentimita za ujazo 50, alama ya sifuri itapita mita moja na nusu kutoka sakafuni. Hata msichana mfupi asiye na ulemavu wowote haisomi sawasawa bila kupanda stuli, na jicho lisipolingana na mstari wa kimiminika, jibu linapotoka. Kujaza ndiko kwa hatari zaidi, maana asidi inamiminwa juu ya usawa wa macho. Bureti ishushwe kwanza, ijazwe, ndipo irudishwe kwenye stendi. Hiyo iwe kanuni ya darasa zima.

Zege la meza zilizopo halihitaji kuvunjwa. Seremala atengeneze meza moja ya mbao, kimo sentimita 76 hadi 80, na chini iwe wazi: nafasi ya magoti kimo cha 70 na upana wa 80. Mafundi hukosea mahali pamoja. Hupigilia ubao wa kukaza miguu upande wa mbele, palepale magoti yanapoingia. Ubao huo ukae nyuma. Soketi na koki ya gesi vije ukingo wa mbele, maana mtu aliyeketi hafikii ukutani kupita juu ya moto. Pembeni ibaki nafasi ya sentimita 150 ya kugeuza kiti. Na meza hiyo isisukumwe kwenye kona peke yake. Kundi zima lifanyie kazi hapo.

Njia ya mteremko mlangoni ina hesabu yake: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha 45, kwa hiyo njia iwe na mita 5.4. Ikijengwa ya mita 2 kwa kuokoa saruji, kiti hupinduka kinyumenyume. Kwa mvua zetu, sakafu yake isilainishwe kwa mwiko; ichorwe mistari ya kukingama, na iwekwe reli ya kushika.

Wapo pia wasiojijua, wale wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Kasoro hii hurithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana wengi wao ni wanaume. Kijana wa namna hiyo anapodondosha asidi kwenye besi (kinyume cha asidi) hadi rangi igeuke, ukimpa kiashiria cha MO (methyl orange), mpito wa njano kwenda nyekundu humpita, anazidisha asidi, kisha anaitwa mzembe. Kwa asidi kali na besi kali mpe kiashiria cha POP (phenolphthalein). Pinki kutoweka ni rahisi zaidi kuona kuliko rangi moja kugeuka nyingine. Ila msibadilishe kwa mazoea. Kwenye sodiamu kaboneti na asidi ya haidrokloriki, POP hupoteza rangi kaboneti inapokuwa imegeuka baikaboneti tu, na ujazo unaosomwa ni nusu ya unaotakiwa. Hapo tumia kipima pH, kifaa kinachoonesha kwa namba kiwango cha asidi, ambacho pia kinamfaa yule ambaye hata pinki hafifu haioni. Kirekebishwe kila asubuhi kwa bafa, yaani myeyusho wenye pH inayojulikana, ya pH 4 na ya pH 7. Kinachoua vipima hivi ni kuachwa ncha ikauke, au kuilaza kwenye maji yaliyotoneshwa. Ilazwe kwenye myeyusho wa potasiamu kloridi wa molari 3.

Kwa kiziwi, tatizo kubwa ni macho mawili kutakiwa sehemu mbili. Mwalimu anaeleza huku akidondosha, na mwanafunzi achague kutazama tone au kumtazama mkalimani. Mwalimu aeleze kwanza, anyamaze, ndipo aoneshe. Mkalimani asimame ubavuni mwa kifaa, si upande wa pili wa chumba, na apewe orodha ya istilahi wiki moja kabla, kwa sababu maneno mengi ya kemia hayana alama iliyozoeleka, na lazima yeye na mwanafunzi wakubaliane mapema. Kipindi cha saa tatu kinataka wakalimani wawili wanaopokezana; mmoja akichoka, maelezo huanza kupotea na mwanafunzi hana njia ya kujua. Kengele ya moto nayo iwe na taa inayowaka na kuzima. Njombe kuna shule ya viziwi, na watoto wake wana haki ya kufika vyuo hivi.

Mwenye ualbino asiketishwe akitazama dirisha. Karatasi yake ya mtihani mara nyingi hukuzwa kutoka A4 kwenda A3, na watu hudhani imetosha. Ukuzaji huo ni asilimia 141, hivyo herufi za pointi 12 zinafika 17 tu, wakati maandishi makubwa huanzia 18. Chapeni kwa pointi 14 kwanza, ndipo mkuze. Safari ya kutazama mimea Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, huko juu mita 2,600, baridi huwadanganya watu wasahau kuwa jua linachoma. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua viwe kwenye orodha ya vifaa vya idara, kama ilivyo kamba na chupa za sampuli. Na dereva ajue mapema vyoo viko wapi njiani. Wasichana wengi hujinyima maji kutwa nzima kwa kukosa jibu la swali hilo.

Kuhusu wasichana, kosa tunaloliona zaidi limefanywa kwa nia njema: wakiwa wachache, anatawanywa mmoja kwa kila kundi. Huyo mmoja ndiye anayeishia kuandika na kuosha vyombo. Afadhali wawe wawili au watatu kundi moja, na makundi mengine yabaki ya wavulana watupu. Kazi zizunguke kwa karatasi iliyobandikwa ukutani: anayepima, anayeendesha kifaa, anayeandika, anayesafisha; wiki nne, kila mtu amepita kote. Glavu zinunuliwe za saizi S pia. Glavu kubwa hukunjamana vidoleni, na chupa huponyoka.

Wiki ya kwanza ya masomo, kila mwanafunzi ajaze fomu yenye swali moja, nalo lisiwe "una ulemavu gani?" bali "unahitaji nini ili ufanye praktiko kwa mikono yako?" Tunawaomba wakuu wa idara waingize meza, kipima pH na taa ya kengele katika manunuzi ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, ili mwaka wa kwanza wanaporipoti, seremala awe ameshamaliza.

Wataalamu wa maabara na wakufunzi wa sayansi,
Mbeya na Iringa