Maumivu ya Ndani ya Kiwiko: Kwa Nini Mapumziko Peke Yake Hayatoshi

Wateja wengi wanaokuja kliniki yetu ya fiziotherapia kwa ajili ya kiwiko huonyesha upande wa nje. Wapo hata hivyo wanaobonyeza kifundo cha mfupa kilicho upande wa ndani, ule unaoelekea mbavuni, na kueleza kwamba hapo panauma kila wanapokamua nguo, kubeba ndoo au kufungua kifuniko kilichokaza. Vitabu vya tiba huyahusisha maumivu haya na mchezo wa gofu, ingawa wengi tunaowahudumia hawajawahi kushika fimbo ya mchezo huo: ni waashi, maseremala, wakamuaji wa ng'ombe, na wapishi wanaokuna nazi kwenye mbuzi na kukamua tui siku baada ya siku.

Misuli inayokunja kitanga cha mkono kuelekea upande wa kiganja, pamoja na ule unaokigeuza kiganja kitazame chini, hujishikiza kwenye kifundo hicho cha mfupa kwa kano, yaani kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Kila unapobana, kukunja au kusokota kitu, kano hiyo huvutwa, na inapovutwa kupita uwezo wake kwa wiki nyingi bila nafasi ya kujijenga upya, nyuzi zake za kolajeni, protini inayoipa kano uimara, hupoteza mpangilio. Kano zilizougua muda mrefu zinapochunguzwa kwa hadubini, huonekana uchakavu huo zaidi kuliko uvimbe, na ndiyo sababu dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu hutuliza bila kuondoa chanzo. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, nayo mara nyingi hupunguza maumivu katika wiki za mwanzo, lakini baada ya miezi michache aliyechomwa na asiyechomwa huwa hawapishani sana.

Mapumziko yana nafasi yake siku za mwanzo, hasa kwa kupunguza kazi iliyoleta maumivu. Kosa ni kuufunga mkono kitambaa na kuacha kuutumia kwa mwezi mzima, kwa kuwa kano isiyobeba mzigo hudhoofika, na mwenye nayo akirudi kwenye nyundo au mbuzi ya nazi maumivu humrudia upesi. Kano hujengwa kwa mzigo uliopimwa.

Maumivu yakiwa bado makali, tunaanza na zoezi lisilo na mwendo. Kaa mezani, ulaze kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kitanga) juu ya meza huku kiganja kikitazama juu, kisha weka mkono wa pili juu ya kiganja hicho na ukisukume juu kana kwamba unataka kukikunja, huku mkono wa pili ukikizuia kisisogee. Shikilia kwa sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja au mbili, na urudie mara nne au tano.

Zoezi tunalolitegemea zaidi huhitaji chupa ya maji ya nusu lita tu, ambayo ikijaa ina uzito wa takriban nusu kilo. Kigasha kikiwa juu ya meza na kitanga kikiwa nje ya ukingo, kiganja juu, shika chupa na uipandishe kwa msaada wa mkono wa pili. Halafu uachie msaada huo na uishushe kwa mkono unaouma peke yake, taratibu, ukihesabu hadi nne. Kushusha ndiko kunakofanya kazi hapa, na ndiko watu wanakokuharakisha. Fanya mara 10 hadi 15, upumzike, na ukamilishe seti tatu. Zikishakuwa nyepesi, ongeza uzito kidogo.

Kwa misuli inayogeuza mkono, shika nyundo ikiwa wima, uiache ilale polepole kuelekea nje hadi kiganja kitazame juu, kisha uirudishe wima. Ikikulemea, shika mpini karibu na kichwa chake. Kunyoosha mkono kwa kuvuta vidole nyuma, kiwiko kikiwa kimenyooka, kunaweza kuongezwa kwa sekunde 30, lakini sisi hatulitegemei sana zoezi hilo.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Ukiyapima kutoka 0 hadi 10, yasizidi 3 au 4, na yawe yametulia kufikia kesho yake. Yasipotulia, punguza uzito badala ya kuacha kabisa. Nafuu ya kweli huchukua wiki 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi, na wengi hukata tamaa katika wiki ya tatu kwa kudhani mazoezi hayafai.

Ukihisi ganzi au kuchomwachomwa kwenye kidole cha pete na kidole cha mwisho, huenda mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kifundo hicho cha mfupa umeguswa, na hapo unahitaji kupimwa kabla ya kuendelea. Vivyo hivyo kama maumivu yalianza ghafla baada ya kuanguka au kusikia kitu kikikatika.

Unapokuja kliniki, tunakuomba uje na kifaa unachofanyia kazi ikiwa kinabebeka, iwe mwiko, bisibisi au mbuzi ya nazi, kwa sababu mpini mwembamba au unaoteleza hulazimisha vidole kubana kuliko inavyohitajika, na mara nyingine kuuzungushia mpira au kitambaa hupunguza mzigo wa kano tangu siku hiyo hiyo.